Kuchora Mto Thames asubuhi kwa rangi za mafuta: nifanyeje ukungu usigeuke tope?

Mchora Mto (London) ameuliza:

Ndugu wachoraji, nawasalimu nyote, na kwa walionizidi umri nasema shikamooni. Naomba msaada katika kazi ambayo imenishinda kwa miezi miwili sasa.

Ninafanya kazi ya zamu za usiku hapa London, na nikitoka asubuhi hupita kando ya Mto Thames, upande wa kaskazini, karibu na ule mnara wa kale wa Misri uitwao Cleopatra's Needle. Kutoka hapo ninaliona Daraja la Waterloo lote, na nyuma yake majengo ya ng'ambo. Katikati ya Novemba jua huchomoza yapata saa moja na robo, nalo hutokea upande wangu wa kulia, juu ya majengo ya kusini. Kukiwa na ukungu mwepesi, kwa muda wa nusu saa hivi daraja, maji na anga huonekana kana kwamba vimefumwa kwa uzi mmoja. Hilo ndilo ninalotaka kulichora kwa rangi za mafuta, kwa namna ya wachoraji wa impreshonizimu, wale wanaonasa mwanga wa kitambo kwa mapigo ya brashi yanayoonekana.

Nadhani ni vyema nieleze nilikotoka, kwa kuwa huenda shida inaanzia huko. Nilijifunza kuchora Dar es Salaam, kwa mtindo wa Tingatinga. Tulitumia rangi za baiskeli juu ya ubao, na sifa ya fundi ilikuwa usafi wa mpaka: ndege anaishia hapa, jani linaanzia pale, na rangi mbili hazichanganyiki. Mafunzo hayo nayapenda na sitayaacha, lakini mtoni hayanisaidii. Nikilichora daraja kwa ukingo safi, linakuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nikiufuta ukingo kwa kidole, kila kitu kinageuka uji.

Maonyesho ya picha za Monet, mchoraji Mfaransa wa impreshonizimu, za mto huu yaliyofanyika kwenye Jumba la Courtauld, kuanzia Septemba 2024 hadi Januari 2025, niliyaona mara tatu. Monet alikuja kuchora hapa mwaka 1899, 1900 na 1901, akikaa katika Hoteli ya Savoy, ambayo iko nyuma tu ya mahali ninaposimamisha kiegemeo changu. Nilisimama mbele ya picha zake za daraja hadi mlinzi akawa ananitazama, na bado sikufahamu jinsi rangi ile ya kijivu inavyoweza kuwa hai wakati yangu imekufa.

Hadi leo nimeharibu kanvasi tano za sentimita 40 kwa 50. Ukungu ninautengeneza kwa kuchanganya nyeupe na nyeusi kidogo, kisha ninaupaka juu ya daraja likiwa bado bichi. Maji yangu yanafanana na barabara ya lami iliyonyeshewa. Tena kila nikiendelea kufanya kazi picha inazidi kuwa mbaya, na sijui niishie wapi. Naomba mnieleze kwa urefu, maana nina subira ya kusoma.

Mwalimu wa Studio (Nairobi) amejibu:

Dada Mchora Mto, asante kwa swali lililoelezwa vizuri. Nitalijibu la kijivu peke yake, kwa sababu naamini ndilo lililoyaharibu mengine.

Ukungu hauna rangi yake mwenyewe ambayo unaweza kuikamua kutoka kwenye chubu. Ukungu ni mwanga uliotawanyika kati ya jicho lako na daraja, na kazi yake kubwa ni kupunguza tofauti: weusi unapanda, weupe unashuka, na vitu vyote vinasogea kuelekea kiwango kimoja cha mwangaza. Kwa hiyo huwezi kulichora daraja kwa nguvu zake zote kisha ukalifunika ukungu kama shuka. Daraja lenyewe lazima litoke kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, likiwa tayari ndani ya ukungu.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua kanvasi nyingine. Piga picha kazi zako tano kwa simu, uziondoe rangi zibaki nyeusi na nyeupe, kisha uzitazame. Nina hakika utakuta chini ya daraja kuna giza zito mno na kwenye maji kuna weupe mkali mno, na kati yake hakuna kitu. Kisha ifanyie jambo hilohilo ile picha ya bandari ya Le Havre ambayo Monet aliichora mwaka 1872, yenye jua la rangi ya chungwa juu ya maji ya buluu, iliyopo katika Jumba la Marmottan mjini Paris na ambayo jina lake ndilo lililozaa jina la impreshonizimu. Ukiiondoa rangi, lile jua karibu linatoweka kabisa, kwa sababu mwangaza wake unalingana na wa anga inayolizunguka. Linawaka kwa rangi yake tu, chungwa dhidi ya buluu, wala halikuongezwa weupe. Nimewaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kwa miaka mingi, na kila mara darasa hunyamaza.

Sasa, nyeusi iweke kando kwa mwezi mmoja. Nyeusi na nyeupe zikichanganywa huzaa kijivu cha baridi ambacho hakielekei popote, nacho ukikipaka kila mahali picha inazimika. Tengeneza kijivu kwa rangi zinazopingana. Ultramarini (buluu nzito) na siena ya kuchomwa (kahawia-nyekundu) hutoa kijivu kinachoweza kuegemea ubaridi au ujoto kwa kadiri unavyopenda. Kijani cha viridiani na nyekundu ya alizarini hutoa kijivu laini, kinachovutwa upande wa zambarau au wa kijani kwa tone dogo. Buluu ya kobalti na chungwa la kadimi hutoa kile chenye mwanga wa asubuhi ndani yake. Changanya mafungu manne au matano kabla hujagusa kanvasi, yote yakiwa karibu sawa kwa mwangaza lakini tofauti kwa ujoto, halafu yaweke ubavuni kwa ubavu bila kuyasugua pamoja. Jicho la mtazamaji litayachanganya lenyewe likiwa mbali. Ukiyachanganya wewe juu ya kanvasi, unapata uji ule ulioutaja.

Na kuhusu daraja, angalia vizuri unachokiona, usichore unachokijua. Daraja lililopo leo lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na limevikwa mawe meupe ya Portland. Lile la Monet lilikuwa jingine, la mawe ya matale lenye matao tisa, lililofunguliwa mwaka 1817 na kubomolewa miaka ya 1930. Akili yako inasema daraja ni jeupe, na mkono unakwenda kwenye chubu la nyeupe. Lakini pale unaposimama asubuhi, upande unaoutazama uko kivulini na jua liko ng'ambo, kwa hiyo jiwe lile jeupe lina giza kuliko anga iliyo nyuma yake. Ni jiwe jeupe lililogeuka buluu na zambarau. Ukilikosea hilo, hata ukungu uchanganywe kwa ustadi gani, jua litakuwa halijachomoza.

Mwana wa Lamu amejibu:

Naunga mkono aliyosema Mwalimu, nami nataka kuongeza neno juu ya maji, kwa kuwa nimezaliwa juu ya maji na sasa ninachora bandari ya Hamburg, ambayo nayo mto wake hujaa na kupwa.

Dada yangu, umetaja saa ya jua lakini hukutaja saa ya maji. Thames pale London hufuata bahari, na kati ya kujaa na kupwa maji yanaweza kupanda hadi mita 7. Yakipwa, utaona matope na mawe chini ya ukuta, nguzo za daraja zinarefuka, na uso wa maji unakuwa mwembamba na mbali. Yakijaa, daraja linakaa chini, matao yanajazwa, na mwanga unakaribia miguu yako. Hiyo ni mito miwili tofauti. Wewe mwenyewe unajua kutoka kwetu pwani kwamba wakati wa maji kujaa husogea kila siku kwa dakika kama 50. Ukirudi kesho saa ileile, jua liko palepale lakini maji yamehama, na baada ya wiki moja yaliyokuwa yamejaa yamekupwa. Ninashuku kanvasi zako zimechorwa asubuhi kadhaa, kila asubuhi ukirekebisha ya jana ili ifanane na ya leo. Hakuna picha inayoweza kulistahimili hilo.

Dawa yake ni kuwa na kanvasi kadhaa, na nyuma ya kila moja kuandika saa, hali ya ukungu na hali ya maji: yanajaa, yamejaa, yanakupwa, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo). Baada ya siku 14 au 15 maji hurudi karibu na saa ileile, nawe unaitoa kanvasi yako na kuendelea. Monet naye alifanya kazi kwa kanvasi nyingi kwa pamoja, akibadilisha moja kwa nyingine kadiri mwanga ulivyobadilika, ndiyo maana aliondoka London na picha karibu mia moja zilizoanzwa. Asubuhi dirisha lake la Savoy lilimpa daraja la Waterloo, adhuhuri likampa daraja la reli la Charing Cross, na jioni alivuka kwenda Hospitali ya St Thomas' kulichora Bunge jua likizama nyuma yake.

Sasa juu ya kufanana na lami. Maji hayafanani kutoka karibu hadi mbali. Yale ya mbali unayatazama kwa mlalo, kwa hiyo yanarudisha anga karibu yote, nayo huwa na mwanga. Yale yaliyo chini ya miguu yako unayatazama kutoka juu, unaona hadi ndani yake, na ndani ya Thames kuna udongo. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya picha yako inataka kijani-kahawia chenye kina, na kadiri unavyopanda kuelekea darajani rangi ipoe na ing'ae. Barabara ya lami haina badiliko hilo. Nafikiri umepaka rangi moja ya kijivu kutoka chini hadi juu, kisha ukaongeza mistari myeupe, na mistari ile ndiyo iliyogeuka alama za barabarani.

Taswira ya daraja ndani ya maji ianze kwa brashi pana, kwa kuvuta wima, kutoka juu kwenda chini. Kitu chenye giza huonekana ndani ya maji kikiwa na giza pungufu kidogo, na kitu chenye mwanga huonekana kimefifia kidogo, kwa hiyo taswira ina tofauti ndogo kuliko daraja lenyewe. Usisahau kwamba maji yanauona uvungu wa matao ambao wewe huuoni. Baada ya kuvuta wima, katiza kwa mapigo machache ya mlalo ya rangi ya anga, mafupi na membamba kule mbali, mapana na yaliyolegea huku karibu. Mng'ao wa jua uko chini ya jua lenyewe, ukija moja kwa moja kwako, wala hauenei mto mzima. Kwako wewe utakuwa kulia. Upande wa kushoto uache umenyamaza.

Kosa la kawaida kwa tuliokua baharini ni kuchora kila wimbi kwa mapenzi. Niliacha baada ya kugundua kwamba nikipaka mapigo 20 mahali panapostahili, watu wanaona elfu.

Mkongwe wa Brashi (Dar es Salaam) amejibu:

Marahaba, binti. Wenzangu wamesema mengi mazuri, lakini sikubaliani na Mwalimu kwamba nyeusi ndiyo mkosaji. Whistler, mchoraji Mmarekani aliyeuchora mto huohuo miaka ya 1870 kabla ya Monet kufika Savoy, aliitumia nyeusi, na picha yake ya usiku ya daraja la kale la Battersea ni hai hadi leo. Nyeusi ikikutana na manjano huzaa kijani kizuri cha majini, na ikiwa nyembamba juu ya ujoto huonekana buluu. Nyeusi imekuharibia kwa sababu umeitumia kama kipimo cha giza, ilhali ni rangi kama nyingine. Hata hivyo, kwa mwezi mmoja wa mazoezi, mtii Mwalimu.

Ninalotaka kulisema mimi linahusu rangi yenyewe, kwa kuwa umetoka kwenye rangi za baiskeli, na mwenendo wake ni tofauti mno. Rangi ya baiskeli hukauka haraka na kuwa ngumu, ndipo unaweka nyingine juu yake. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani huvuta hewa na kugeuka polepole kuwa ngozi, na jambo hilo huchukua siku, pengine wiki. Wewe umepaka ukungu juu ya daraja bichi ukitarajia vikae tabaka mbili, kumbe vimekuwa tabaka moja. Hapo ndipo tope lilipozaliwa.

Una njia mbili, na uzijue zote. Ya kwanza ni kufanya bichi juu ya bichi: brashi imejaa rangi, pigo moja, ondoa mkono, futa brashi kwa kitambaa, pigo jingine. Brashi ikishapita mara tatu mahali pamoja, uhai umekwisha. Ya pili ni kungoja. Acha picha ikauke, kisha chukua kiasi kidogo sana cha rangi nzito yenye mwanga kwenye brashi kavu ya manyoya magumu, uiburute juu ya daraja, ili ishike vilele vya kitambaa na kuacha mabonde. Chini yake daraja litaendelea kupumua, na ukungu utakuwa mbele yake kwelikweli. Ukiziangalia picha za Monet za Thames kwa karibu utaona tabaka za namna hiyo. Monet alizirudisha Ufaransa na kuzifanyia kazi katika studio yake ya Giverny kwa miaka kadhaa, na ni mwaka 1904 tu ndipo alipoonyesha 37 kati yake mjini Paris. Kwa hiyo usijilaumu kwa kutomaliza ukingoni mwa mto, wala usione haya kumalizia nyumbani. Whistler naye alikuwa akipelekwa mtoni kwa mashua, akatazama hadi akashika kila kitu moyoni, kisha akaenda kuchora studioni.

Tabaka la kwanza lipunguze kwa tapentaini, la juu liwe na mafuta zaidi; ukigeuza mpango huo, uso utapasuka. Nyeupe ya titani ni nzuri lakini ina nguvu mno na hupoza kila inachokigusa, hivyo itie ujoto wa manjano kidogo kabla ya kuitumia kwenye anga. Nyeupe ya zinki, ingawa ni laini kwa ukungu, hukakamaa na kupasuka ikizeeka, kwa hiyo usiijengee picha nzima. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa ndani ya nyumba, maana hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vilowanishe maji, uviweke kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko. Nimeliona jambo hilo likitokea, na ndiyo maana nasisitiza.

Kuhusu kuishia wapi: weka saa. Dakika 40 zikiisha, geuza kanvasi ukutani. Na ule ukingo safi wa Tingatinga usiutupe. Chagua mahali pamoja tu, labda pale nguzo moja inapokutana na mwanga wa maji, uuache uwe mkali. Ukingo mmoja mkali ndio utakaofanya mingine ionekane imepotea kwa makusudi.

Mchora Mto (London) ameandika tena:

Mwalimu, kaka wa Lamu, na Mzee wangu, nawashukuru sana. Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilikuwa nafanya mliyonielekeza.

Jaribio la simu lilinihuzunisha kwanza, kisha likanifungua macho. Kazi zote tano zilikuwa kama Mwalimu alivyotabiri. Nimeanza kanvasi nne mpya, nikazipaka msingi wa kijivu-waridi ili nisianze juu ya weupe, na nyuma ya kila moja nimeandika saa na hali ya maji. Namba 3, maji yanajaa, saa moja na nusu, ndiyo ya kwanza katika maisha yangu ya rangi za mafuta ambayo nimeigeuza ukutani bila kutaka kulia. Upande wa kushoto nimeuacha umenyamaza. Maji ya mbele nimeyapa kijani na kahawia, na mara moja mto ulilala chini, ukaacha kusimama kama ukuta. Nguzo ya tatu nimeiachia ukingo mkali, na kila nikiitazama naikumbuka karakana yetu.

Nimebaki na swali moja. Juu ya daraja hupita mabasi mekundu ya ghorofa, na moja likipita ndani ya ukungu moyo wangu huruka. Nikiliweka kwa nyekundu ya kadimi, linatoka nje ya picha na kunijia usoni. Nikiliacha, daraja linakuwa kama limehamwa.

Mwalimu wa Studio (Nairobi) amejibu:

Hongera sana, dada. Basi lichukulie kama lile jua la Le Havre: liwe na mwangaza uleule wa daraja, ila rangi yake iwe tofauti. Chukua kijivu ulichokitumia kwa daraja, chovya kwenye pembe ya nyekundu ya kadimi, na uongeze kidogokidogo hadi uone kwamba ni jekundu likilinganishwa na kile kilicho pembeni yake tu. Ukilitazama peke yake kwenye paleti litafanana na tofali kuukuu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pigo moja la mlalo, fupi, lisilo na madirisha wala magurudumu. Kisha weka tone dogo la rangi hiyohiyo, lililofifia zaidi, ndani ya maji moja kwa moja chini yake, ikiwa siku hiyo maji yametulia kiasi cha kulipokea. Ngoja tabaka la daraja likauke kwanza, ili ukikosea uweze kulifuta kwa kitambaa bila kugusa kilicho chini.

Mwana wa Lamu amejibu:

Na uliweke karibu na ile nguzo yenye ukingo mkali, ila si juu yake kabisa. Namba 3 itarudi kwenye maji yake baada ya siku chache kama ulianza tarehe ninayoidhania. Tazama jedwali la maji kabla ya zamu yako, uende nayo asubuhi hiyo.